Baisikeli na Motokaa katika Nyumba Moja

Kuna ugomvi mdogo ambao umeingia katika nyumba nyingi za mji wa Kisangani, nao umeteremka na mto hata kufika Basoko, mahali ambapo Aruwimi humwaga maji yake katika mto Kongo. Baba ataka kwenda kazini kwa baisikeli. Mwana ataka motokaa. Mmoja asema, "Mwanangu, miguu ninayo." Mwingine ajibu, "Baba, dunia imekwenda mbele." Majirani wakisikia hucheka tu, wakidhani ni mashindano ya kawaida baina ya wazee na vijana.

Mkatekumeni amekwisha kujifunza ya kwamba fadhila zilizo nguzo za mwenendo mwema ni nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Akiulizwa ugomvi huu unahusu fadhila ipi, atajibu kwa haraka: kiasi. Apandaye baisikeli ni mtu wa kiasi. Atakaye motokaa amezidi kipimo. Basi, shauri limekwisha. Lakini jibu hilo ni jepesi mno. Lamsifu mtu asiyestahili sifa yote, lamlaumu mtu asiyestahili lawama yote, na tena lamsahau kabisa mtu wa tatu, ambaye ndiye mwenye haki ya kusikilizwa kwanza.

Ichukuliwe nyumba moja kwa mfano, iwe katika mtaa wa Mangobo, na watu wake wawe na asili ya Basoko. Baba ni mwalimu. Mwana wake wa kwanza ni karani katika ofisi moja ya Makiso, huko katikati ya mji. Binti ni muuguzi wa zahanati, naye mara nyingine huitwa kazini usiku. Mama huuza sokoni samaki wakavu na mawese yaletwayo na mashua kutoka pande za Basoko. Nyumba za namna hii ni nyingi, wala hamna ajabu ndani yake. Kuna fedha kidogo iliyowekwa akiba, na shauri lililo mbele yao ni hili: je, fedha hiyo inunue motokaa kuukuu, au isinunue?

Baba ana sababu zake, nazo zimetoka katika historia ya mji. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1998, Kisangani ilitengwa na Kinshasa. Mashua za biashara hazikupanda tena mto kwa miaka kadhaa. Esansi ikawa adimu na ghali. Motokaa nyingi zikakaa bila kazi. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji muda wa siku sita, wakafa mamia ya raia wasio na silaha. Katika miaka hiyo baisikeli ndiyo iliyotawala njia za Kisangani. Vijana walifunga kiti laini juu ya kibebeo cha nyuma, wakachukua abiria kwa nauli ndogo, na watu wakaziita baisikeli hizo toleka, neno la Kilingala ambalo maana yake ni "tupite". Nayo njia kuu ya kwenda Ituri ilikuwa imemezwa na matope na msitu, hata malori hayakuweza kupita. Watu wakasukuma baisikeli zenye chumvi, sabuni na nguo mamia ya kilometa, wakilala njiani siku nyingi. Nyumba ngapi zilipata chakula kwa magurudumu yale mawili! Mtu aliyelishwa na baisikeli siku za njaa hawezi kuiita takataka siku za shibe. Baba, basi, si mkaidi tu. Ana shukrani.

Lakini mwana naye asihukumiwe upesi. Kisangani iko karibu sana na ikweta, na mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Karani afikaye ofisini ameloa, na matope yamempanda hata magotini, hutazamwa kwa jicho jingine kuliko mwenzake aliyefika mkavu, ingawa kazi yao ni moja na mshahara wao ni mmoja. Kutazamwa hivyo si haki. Lakini ndivyo ilivyo, na mwenye kuvumilia jicho hilo kila siku ni yeye, wala si baba. Tena nyakati zimegeuka. Pikipiki zimewanyang'anya watu wa toleka abiria wengi, na wako wanaoiona baisikeli kuwa chombo cha mtu aliyeshindwa. Kijana atamani kuheshimiwa. Kutamani heshima si dhambi. Ubaya huanza pale mtu atakapo kuinunua heshima yake kwa fedha ya wenzake.

Sharti basi kwanza kuhesabu. Ivan Illich, aliyezaliwa Vienna mwaka 1926 na ambaye kwa miaka mingi alikuwa padre, aliandika katika miaka ya 1970 kitabu kidogo juu ya nguvu za mashine na usawa wa watu. Alimchukua Mmarekani wa kawaida na motokaa yake, akahesabu saa zake zote: si zile za kukaa nyuma ya usukani tu, bali na zile za kufanya kazi ili apate fedha ya kulipia motokaa yenyewe, mafuta, bima, kodi na matengenezo. Jumla yake ilizidi saa 1,600 kwa mwaka. Na safari zote za mwaka mzima zilikuwa maili 7,500, yaani kilometa 12,000 hivi. Zikigawanywa hizi kwa zile, yaonekana ya kwamba chombo kile chenye kishindo kilikuwa kikienda kilometa saba na nusu kwa saa. Mtu aendaye kwa miguu, akijihimiza kidogo, hayuko mbali nyuma yake.

Hesabu hiyo yaweza kufanywa Mangobo pia, kwa kipande cha chaki. Ikiwa ofisi ya karani iko mbali kilometa 6, na baisikeli huenda kilometa 15 kwa saa, basi atafika kwa dakika 24. Motokaa, kwa sababu ya mashimo ya njia, ikienda kilometa 30 kwa saa, atafika kwa dakika 12. Ataokoa dakika 12 asubuhi na 12 jioni. Kwa juma la siku sita za kazi, saa 2 na dakika 24. Sasa, ikiwa esansi, matairi na fundi hula mshahara wa siku moja katika kila juma, karani ametoa saa nane za jasho lake ili aokoe saa mbili na kitu. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuona ya kuwa biashara hiyo ina hasara. Na ile motokaa yenyewe, yenye uzito wa tani moja au zaidi, imewashwa ili kumchukua mtu mmoja wa kilo 70.

Je, baba ameshinda? Bado. Hesabu ya Illich yafaa sana, lakini ikitumiwa bila kufikiri yaficha jambo moja: yachukua ya kuwa saa zote zina thamani moja. Binti wa nyumba ile akiitwa saa nane za usiku kwa ajili ya mzazi anayevuja damu, dakika 12 za usiku ule si sawa hata kidogo na dakika 12 za asubuhi ya karani. Akiambiwa aende peke yake gizani kwa baisikeli, kwa kuwa baba yake alifanya hivyo wakati wa vita, ametwishwa hatari ambayo baba haijui, maana hatari za msichana njiani usiku si zile za mwanamume. Kwa ndugu yake motokaa ni kupenda. Kwake yeye, saa ile, ni kuhitaji. Aristotle, yule mwenye hekima wa Ugiriki ya kale, alifundisha ya kwamba haki katika kugawa vitu si kumpa kila mtu fungu lile lile, bali kumpa kila mmoja kwa ulinganifu. Naye alikubali wazi ya kuwa watu hugombana juu ya kipimo cha ulinganifu huo. Katika nyumba ile kipimo kinachotumika bila kutajwa ni sauti: asemaye kwa nguvu ndiye ahesabiwaye kuwa na haja.

Baba mdogo wao aliyebaki Basoko angestaajabu kusikia maneno yote haya. Kwake njia kuu ni maji. Akiwa na baisikeli huilaza ndani ya mtumbwi, wakavuka pamoja. Motokaa sharti ingoje kivuko, na kivuko hungoja mafuta. Hata Kisangani penyewe hakuna daraja juu ya mto Kongo: mkazi wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto, afanyaye kazi upande wa Makiso, hana budi kuvuka kwa chombo cha maji kila siku. Kwake motokaa ni ya nusu safari tu. Hayo ni mambo ya busara, nayo hayana ubishi mwingi: chombo chema ni kile kiifaacho njia.

Ubishi umo mahali pengine. Baba hupenda kusema ya kwamba baisikeli yake haina deni kwa mtu, na kwa neno hilo humfunga mwanawe kinywa. Heri asiliseme kwa nguvu mno. Katika miaka ya 1880 daktari mmoja wa wanyama katika mji wa Belfast, jina lake John Boyd Dunlop, alitengeneza gurudumu la mpira lenye kujazwa upepo kwa ajili ya kibaisikeli cha magurudumu matatu cha mtoto wake. Ikawa raha kubwa. Watu wa Ulaya na Marekani wakapanda baisikeli kwa maelfu na maelfu, mpira ukatakiwa kila mahali, na utawala wa mfalme Leopold II, uliodumu tangu 1885 hata 1908, ukawashurutisha watu wa Kongo kuingia msituni kuutafuta mpira huo. Wasiotimiza kipimo walipigwa, jamaa zao wakafungwa, vijiji vikachomwa moto, watu wakauawa na mikono ikakatwa. Siku zile za kwanza motokaa zilikuwa bado chache sana ulimwenguni. Baisikeli ndiyo iliyotangulia kuutaka mpira kwa wingi. Nazo motokaa za umeme zinazosifiwa leo kuwa safi, nyingi zina betri zinazohitaji kobalti, na kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi, na baadhi ya wachimbaji wake hushuka shimoni bila kinga yo yote. Hakuna chombo kilichozaliwa kitakatifu, wala hakuna mtu apatae utakatifu kwa kukalia kiti chake.

Hata hivyo kosa la baba si kupenda baisikeli. Kosa lake ni kwamba fadhila aliyoichagua mwenyewe ataka kuiweka mabegani mwa wengine. Mtawa huweka nadhiri ya ufukara kwa hiari yake, na kwa sababu ya hiari hiyo nadhiri yake ina thamani; lakini hakuna awezaye kuweka nadhiri hiyo kwa niaba ya mwenzake. Mtu akijinyima, hiyo ni fadhila. Akiwanyima wengine huku akijisifu kwa unyofu wake, huo ni ubahili uliovaa kanzu nzuri. Baba wa namna hii ni mgumu kuonywa kuliko mwana mpenda fahari, kwa maana fahari ya mwana yaonekana na watu wote, lakini fahari ya baba hupita kama unyenyekevu.

Sasa ageukiwe yule mtu wa tatu. Ile fedha iliyo akiba ilitoka wapi? Mshahara wa mwalimu ni mdogo, nao huchelewa. Mshahara wa karani huishia katika nguo na kodi. Fedha hiyo ilitoka katika likelemba, ule upatu wa akina mama wa sokoni, ambao kila mmoja hutoa fungu lake, na jumla hupokewa kwa zamu. Mama alilipa miezi mingi bila kukosa. Zamu yake ilipofika aliileta fedha nyumbani, akaiweka mbele ya wote, kwa maana ndivyo alivyolelewa. Toka jioni ile baba na mwana wanabishana juu ya magurudumu mawili na magurudumu manne. Naye mama, kila siku kabla ya jua kuchomoza, hushuka pwani ya mto kungoja mashua, hununua madumu ya mawese na vikapu vya samaki, akavichukua kichwani na mgongoni mpaka sokoni. Yeye hana baisikeli wala motokaa. Hakuna aliyemwuliza apenda nini.

Hapa ndipo jibu lile la kwanza linapovunjika. Ikiwa shauri ni la kiasi, basi linawahusu wapandao tu: nani amejizuia na nani amejiachia. Aendaye kwa miguu hana la kusema, kwa kuwa hana cha kujizuia. Lakini shauri likiwa la haki, maswali hubadilika. Nani amelipa? Nani achukua mzigo? Nani atangojea ili mwingine awahi? Kwa maswali hayo mpanda baisikeli na mtaka motokaa wamekaa upande mmoja wa meza, na mama yuko upande wa pili peke yake. Tena si jambo la nyumba hiyo moja. Mtu akisimama asubuhi kando ya njia iingiayo Kisangani, atawaona akina mama wangapi wamebeba mizigo kwa miguu, na wanaume wangapi wamepanda bila mzigo. Hesabu hiyo haihitaji chaki.

Kuna nchi ambazo zimejaribu kuanza na yule aendaye kwa miguu. Katika jimbo la Bihar, nchi ya India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana walioingia shule ya sekondari fedha ya kununulia baisikeli. Wataalamu walipochunguza baadaye waliona ya kuwa idadi ya wasichana walioingia darasa hilo imeongezeka sana, hasa katika vijiji vilivyo mbali na shule. Wala haikuwa kwa sababu baisikeli ni bora kuliko motokaa. Ilikuwa kwa sababu fedha ilipelekwa kwa yule ambaye njia yake ilikuwa ndefu na hakuwa na cho chote. Wavulana wa Bihar walikuwa wamependa baisikeli miaka mingi kabla ya hapo, na kupenda kwao hakukumfikisha dada zao shuleni.

Jambo jingine la haki liko nje ya ua, nalo mwana hulisahau kila anapojiona rohoni mwake amekaa nyuma ya usukani. Motokaa hailipiwi na mwenyewe peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza ya kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 hivi walikufa katika ajali za barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Katika njia nyembamba isiyo na taa, mwenye haraka amefungiwa ndani ya bati, na asiye na haraka yuko nje. Huenda yule wa nje akawa baba yake mwenyewe akirudi shuleni, au mama akiwa na beseni kichwani, asiyeweza hata kugeuza shingo ili aone nini kinakuja.

Basi, nyumba ile ifanye nini? Haifai kuwaamulia kutoka mbali kana kwamba kuna sheria moja ya magurudumu kwa nyumba zote. Lakini utaratibu wa kusema waweza kugeuzwa, na hilo peke yake ni kazi ngumu kuliko linavyodhaniwa. Mama aanze, kwa kuwa fedha ni yake na mzigo ni wake. Kisha binti, kwa kuwa haja yake ni ya uhai wa watu. Baba na mwana wafuate. Yawezekana, mambo yakisemwa kwa mpangilio huo, motokaa isionekane tena, wala baisikeli ya baba isibaki kama ilivyo. Yawezekana fedha ikatumika kumlipa kila mwezi mwenye pikipiki mmoja anayejulikana na kuaminika, awe tayari binti aitwapo usiku, na fungu lililobaki likarudi katika biashara ya mawese ambako lilitoka.

Na mama, akiulizwa kweli, asiulizwe kwa adabu ya kupita tu, huenda asitake kupanda kitu. Wengi wa rika lake hawakufundishwa kupanda baisikeli walipokuwa wasichana, wala hawatamani kuanza sasa. Huenda akataka neno dogo zaidi: kwamba ile baisikeli ambayo kila asubuhi hutoka uani na kibebeo kitupu, ipite kwanza pwani, ichukue madumu mawili ya mawese na kikapu cha samaki hata sokoni, ndipo iende shuleni au ofisini. Hilo halihitaji likelemba. Lahitaji mtu mmoja aamke nusu saa kabla ya desturi yake, akafike kazini na harufu ya samaki katika mikono. Baba na mwana wamebishana miezi mizima juu ya chombo kipi kina heshima, na baisikeli imekuwako uani siku zote hizo, imeegemea ukuta.